Somo: Kushona vishikio vya sufuria kwa vitambaa vilivyopo nyumbani

Sufuria zetu nyingi hazina masikio. Tunazishika ukingoni kwa vidole. Kwa hiyo kishikio kizuie joto, lakini pia kikunjike. Kikiwa kinene mno, ukingo unaponyoka na maharage yanamwagika.

Tumia pamba tupu: kanga au kitenge cha pamba, jinzi kuukuu isiyovutika, taulo lililochakaa. Poliesta usiiguse, maana huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Kama huna hakika, chomoa nyuzi chache uziwashe juu ya bati. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunyata na kuacha kidonge kigumu.

Kwa kishikio kimoja kata:
- kitenge sm 22 x 22
- jinzi sm 22 x 22
- taulo vipande 2, sm 20 x 20
- utepe wa kitanzi sm 4 x 12

1. Fua na piga pasi kabla ya kukata. Pamba ambayo haijafuliwa itarudi baadaye na kishikio kitapinda.

2. Laza taulo zote mbili nyuma ya jinzi, katikati, ubaki sm 1 kila upande. Shona mistari ya mshazari iliyoachana sm 4, ukianza na wa katikati. Ukianzia pembeni, taulo husukumwa na kujikunja. Mistari ikisongamana, kishikio kinakuwa kigumu kama ubao.

3. Kunja utepe kwa urefu uwe tabaka nne, ushone, kisha uweke kitanzi kwenye kona ya uso wa jinzi, kikitazama ndani.

4. Laza kitenge na jinzi uso kwa uso. Shona sm 1 kutoka ukingoni, ukiacha wazi sm 8 katikati ya upande mmoja. Usiache wazi kwenye kona, haitakaa vizuri.

5. Punguza kona, geuza, zisukume kwa mpini wa mwiko. Ncha ya mkasi hutoboa.

6. Kunja ndani kingo za sehemu uliyoacha wazi, piga pasi, shona kuzunguka mm 5 kutoka ukingoni ili ifungwe, kisha weka mshono wa X katikati. Bila X kitenge huteleza juu ya taulo, na sufuria huteleza nacho.

MASWALI

Sindano ya cherehani inakatika nikifika kwenye kona. Kwa nini?
Dada, hapo pana kitanzi na pindo pamoja. Tumia sindano namba 16. Weka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ili ulale sawa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Usivute kitambaa: sindano hupinda na kugonga chuma.

Naweza kujaza sponji ya godoro?
Hapana kabisa. Sponji ikigusa mkaa inawaka upesi, na moshi wake ni mbaya. Kama huna taulo, tumia blanketi kuukuu la pamba.

Changu kina taulo mbili na bado kinaniunguza.
Bila shaka kimelowa, mama. Taulo kavu huzuia joto kwa hewa iliyo ndani yake. Likilowa, maji hupitisha joto upesi na kugeuka mvuke kwenye kiganja. Shona viwili viwili, kimoja kikianikwa kingine kinatumika.

Sina cherehani.
Shona kwa mkono, uzi mara mbili, ukirudisha sindano nyuma kila hatua. Jinzi ikikushinda, weka kitenge pande zote mbili na uongeze taulo moja.