Usiulize "Mmeonaje?": namna ya kupata maoni ya kweli kwenye tamasha la maigizo ya muziki

Hapa Moshi ukimsimamisha mtu mlangoni ukamuuliza, "Mmeonaje igizo letu?", atakujibu, "Hongereni sana, mmejitahidi." Atakupa mkono, atavaa koti lake, ataenda zake. Nimeyasikia maneno hayo miaka saba nikiwa na daftari mlangoni mwa ukumbi wa parokia tunaouazima kila Agosti kwa tamasha letu dogo, na ilinichukua mwaka mzima kutambua kwamba "mmejitahidi" si sifa. Mtoto akipata 38 ya hesabu ndiye anayeambiwa amejitahidi. Aliyefurahi kweli haanzi na hongera, anaanza kwa kumtaja mtu: "Yule mama mwenye kitenge cha kijani, jamani!"

Kwenye kikundi chetu siimbi wala siigizi. Kazi yangu ni maoni tu. Kila tamasha tunaonyesha maigizo mapya matatu au manne ambayo hayajawahi kuonekana popote, na watunzi wake wengi ni vijana waliokulia kwenye kwaya. Igizo jipya la muziki hulijui mpaka umeliweka mbele za watu. Kuna igizo la Wamarekani, Next to Normal, lililoonyeshwa mwaka 2005 kwenye tamasha la maigizo ya muziki la New York likiwa na jina jingine, Feeling Electric. Likaandikwa upya, likafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, 2009, na 2010 likapata tuzo ya Pulitzer. Wenzetu walipata miaka minne ya kurekebisha. Sisi tuna siku tatu na watu wanaowahi daladala, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuwasikiliza vibaya.

Anza na tiketi. Ndugu wa waigizaji wanajaza sehemu kubwa ya viti, na hakuna shangazi atakayekwambia kwamba mpwa wake aliimba nje ya ufunguo. Usiwanyime karatasi, watenganishe tu. Tiketi za mwaliko tunazichapa kwenye karatasi ya bluu, za kununua kwenye nyeupe, na karatasi ya maoni inafuata rangi ya tiketi. Usiku ninapozisoma, kila rangi ina rundo lake. Za bluu nazo zina kazi: ndugu wote wakisifu mavazi na asiwepo hata mmoja aliyegusa nyimbo, naandika hilo.

Ndani ya ukumbi, kaa mahali unapoona nyuso. Ukikaa safu ya mwisho utaona visogo. Mimi nakaa pembeni, dirisha la tatu, kiti cha plastiki nimekigeuza nusu kuwaelekea watu. Daftari langu lina safu mbili, dakika na kilichotokea. "Dk 12, wamecheka, mapema kuliko tulivyotegemea. Dk 34, wimbo wa pili wa baba, simu tano zimewaka. Dk 41, watoto wawili wameomba chooni kwa mpigo." Usiandike kwa nini. Sababu utaitafuta baadaye, na ukiianza mapema utaona yale tu yanayokubaliana nayo.

Vigelegele navyo uvitofautishe. Kuna vya kumshangilia mwimbaji kwa sababu sauti imepanda, hivyo vingepigwa hata kwenye harusi. Na kuna vya hadithi, kama vile binti anapokataa kutia dole gumba kwenye hati ya kuuza kihamba cha babu yake, lile shamba la urithi wa ukoo. Wapenzi wa taarabu wana namna iliyo wazi zaidi: mtu akiguswa na maneno ananyanyuka kwenda kumtuza mwimbaji wimbo ukiendelea. Kwetu ikitokea mama amekwenda mbele na noti ya elfu mbili, naandika mstari uliokuwa unaimbwa alipoinuka. Jina la wimbo halitoshi, mstari wenyewe ndio ninaoutaka.

Kuhusu wanaoondoka kabla ya mwisho, uwe mwangalifu. Mwaka wetu wa pili nilimwandikia mwongozaji kwamba watu kumi na wanane wametoka kwenye sehemu ya pili. Akakesha akiikata. Asubuhi mlinzi akaniambia karibu wote walikuwa wanawahi gari za Kibosho na Uru. Tangu hapo tunaanza saa tisa alasiri, na mlangoni anakaa kijana mwenye swali moja kwa kila anayetoka: "Unarudi?"

Sasa karatasi yenyewe. Nusu ya A4 inatosha, na peni ziwe nyingi kwa sababu hazirudi. Usiweke "bora", usiweke alama za moja hadi tano, usiweke "maoni mengine". Mimi nina maswali matatu. Ulipotea wapi? Ni nani ulitaka aendelee kuongea? Wimbo gani uko kichwani sasa hivi, andika maneno yake unavyoyakumbuka. La kwanza liandikwe hivyo hivyo, kana kwamba kupotea ni jambo la kawaida. Ukiandika "je, kuna sehemu hukuelewa?" watu watajibu hapana, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana hakuelewa.

Lakini karatasi ni nusu ya kazi, na ni ile nusu rahisi. Maoni mazito yanatoka mdomoni, na wenye nayo mara nyingi ni wazee, ambao karatasi hawaigusi. Mzee umtafutie kiti kivulini. Umwamkie, aitikie marahaba, umuulize habari za nyumbani na za kahawa, chai ya tangawizi ifike. Kisha umwombe akusimulie. Maneno yangu ni haya: "Mzee wangu, ukifika nyumbani wakakuuliza umeona nini, utawaambiaje?" Ukishauliza, funga mdomo.

Mzee mmoja wa Machame alinisimulia hivyo igizo letu la kihamba. Alianza vizuri: baba ana vijana watatu na binti mmoja, mkubwa amerudi Krismasi kutoka Dar akiwa na mnunuzi, ugomvi jikoni, wimbo wa mama kwenye migomba. Akafika katikati, akanyamaza. "Halafu nyumba akapewa yule wa katikati. Hapo, mwanangu, mimi sikufuata tena. Kwani kitinda mimba alifanya kosa gani?"

Kwa mila ya Wachaga nyumba ya wazazi huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho. Mtunzi wetu, kijana aliyekulia Ngarenaro kule Arusha, aliijua mila hiyo vizuri na alimfanya baba aivunje kwa makusudi. Ila hakuna mstari hata mmoja uliosema kwamba baba anajua anachokivunja. Kwa dakika ishirini nusu ya ukumbi ilikuwa ikimtafuta kitinda mimba huku wimbo mzuri kuliko zote ukipita masikioni mwao. Nilipozirudia karatasi nyeupe, zimejaa neno moja: "refu". Mwongozaji alikwisha shika kalamu ya kukata. Tukamsihi asikate. Mtunzi akampa baba mistari miwili tu, anamtazama mdogo wa mwisho na kumwambia kwamba anajua wazee watamlaani kwa hili. Jumapili igizo lilikuwa refu vilevile, na katika karatasi nyeupe zote hakuna aliyeandika "refu".

Hilo ndilo ninalowasisitizia vijana wanaotaka kujifunza kazi hii. Mtazamaji hakosei kuhusu mahali panapomuuma, ila dawa anayoitaja mara nyingi ni ya ugonjwa mwingine. Akisema "yule baba afe", usimwue baba. Muulize alianza lini kumchoka. Akisema "muziki una kelele", muulize ni maneno ya nani hakuyasikia. Na lijibu kila pendekezo kwa swali la "lini?" mpaka ufike kwenye dakika iliyoko daftarini. Dakika ya mtazamaji na dakika yako zikikutana, umepata.

Nyimbo zina kipimo chao. Mtu akikwambia wimbo ulikuwa mzuri, mwambie, "Niimbie kidogo." Wengi watacheka, lakini wa hapa wamelelewa kwenye kwaya na hawaoni aibu ya kuimba. Akiweza mistari miwili, wimbo umeingia. Akiweza mahadhi bila maneno, shika maneno yalipopotelea. Watunzi wetu wanapenda sauti nne zikija pamoja, soprano, alto, teno na besi, kila moja na njia yake, na kanisani inapendeza kwa sababu waumini wanayajua maneno tangu utoto. Igizo jipya halina bahati hiyo. Mstari unaobeba habari uimbwe na sauti moja kwanza, sauti nne ziurudie.

Na ule mkazo! Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Neno "barabara" mkazo ukikaa kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari. Ukikaa kwenye "ra" ya kwanza ni vizuri, sawasawa. Tulikuwa na wimbo wa binti anayeomba, "Nionyeshe barabara," anataka kutoroka. Mahadhi yaliipandisha ile "ra". Kwenye karatasi watu wanne wasiojuana waliandika mstari huo hivi: "nionyeshe vizuri". Walidhani anataka kuonyeshwa hati. Bila lile swali la kuandika maneno tusingegundua kamwe, maana kila mmoja alitoka ameridhika na wimbo aliousikia yeye.

Sikiliza pia wanaliitaje igizo. Mwaka 1943 igizo la Wamarekani lililojaribiwa mji wa New Haven kwa jina Away We Go! lilifika New York likiitwa Oklahoma!, kwa jina la wimbo wake mmoja. Jina ulilolichapa kwenye bango na jina wanalolitumia wauza ndizi wa Mbuyuni yakitofautiana, la Mbuyuni liandike.

Mjadala wa kipaza sauti baada ya onyesho tumeuacha. Akisimama mwenye cheo akasema limemgusa sana, basi limewagusa wote. Badala yake nazunguka na watu watatu watatu, na waulizaji hawavai fulana za kikundi. Siku ya tatu baada ya onyesho nawapigia kumi walioniachia namba kwa hiari yao. Swali moja, "Umebaki na nini?", na wengine wananijibu kwa sauti za WhatsApp wakiwa shambani. Kilichobaki siku ya tatu nakiamini kuliko cha mlangoni.

Kuyapeleka maoni kwa mtunzi ni sehemu niliyoikosea vibaya, na bado inaniuma. Usiku wa onyesho la kwanza la kijana mmoja mwenye kipaji kikubwa, nilisimama mbele ya waigizaji wote nikasoma karatasi kama zilivyo, na moja ilisema nyimbo zake ni za kulalia. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Hakuja mazoezini kesho yake, wala mwaka uliofuata. Nilimfuata nyumbani mara mbili kumwomba radhi. Alinipokea kwa heshima, lakini hajatunga tena.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Usiku wa onyesho mtunzi anakula na kulala. Maoni anayapata siku ya pili, tukiwa wawili au watatu, mchana. Nayapanga kwa dakika za igizo, nayaondolea majina, na lililosemwa na mtu mmoja linakaa ukurasa wa mwisho. Wakilisema watu watatu wasiojuana linakuja mbele. Naanza na mistari ambayo watu waliiandika sawasawa na alivyoitunga, anaisoma mwenyewe kwa miandiko yao. Kisha tunaingia kwenye waliopotea. Kanuni ni moja: siku hiyo hajibu, hatetei, anaandika tu. Kujibu ni wiki ijayo, kwa kalamu au kinanda.

Mkishabadilisha, warudieni waliowaambia. Nawaandikia wale kumi ujumbe mfupi: "Ile sehemu ya nyumba tumeirekebisha. Njoo Jumamosi saa tisa, tiketi yako iko kwangu." Na tiketi hiyo naichapa kwenye karatasi nyeupe.