Kupiga picha zisizo na ukungu bila stendi ya miguu mitatu

Picha ikitoka na ukungu, ifungue uikuze kabla hujabadili chochote kwenye kamera. Kama kila kitu, hata ukuta na nguzo ambazo haziwezi kusogea, kina michirizi inayoelekea upande mmoja, kamera ilitikisika. Kama ukuta umetoka vizuri lakini mtoto aliyekuwa akikimbia ana mikono isiyo na umbo, aliyesogea ni mtoto. Na kama macho ya mtu yamefifia ilhali pazia lililo nyuma yake linaonekana mpaka nyuzi zake, hakuna kilichosogea: fokasi, yaani mahali ambapo lenzi inaonyesha kwa usafi zaidi, imeangukia pasipo pake. Watu wengi hukimbilia kukaza mikono kwa matatizo yote matatu, na mikono hutibu lile la kwanza tu.

Kasi ya shata

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Shata ni kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga. Ikikaa wazi kwa muda mrefu, kila mtetemo wa mkono unaandikwa kwenye sensa, sehemu inayonasa picha. Kanuni iliyotumika tangu enzi za filamu ya milimita 35 bado inafaa: chukua urefu wa fokasi wa lenzi (namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), kisha hakikisha kasi haishuki chini ya sekunde moja iliyogawanywa kwa namba hiyo. Lenzi ya milimita 50 inataka angalau 1/50, ya milimita 200 inataka 1/200. Lenzi ndefu hukuza kila kitu, na mtetemo wako haubaki nyuma.

Kwenye kamera za sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35, zidisha urefu huo kwa 1.5 (kwa Canon ni 1.6), na kwenye Micro Four Thirds, yenye sensa ndogo zaidi, zidisha kwa 2. Kwa hiyo milimita 50 kwenye APS-C inahitaji takriban 1/80. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Sensa za megapikseli nyingi huanika kasoro ambazo zamani hazikuonekana, hivyo ukiwa na mwanga wa kutosha, ongeza kasi mara mbili.

Kanuni hiyo haihusu kitu kinachojongea. Mtu aliyeketi akizungumza anataka 1/125, anayetembea 1/250, watoto wanaocheza 1/500, na michezo ya mbio 1/1000 au zaidi, hata kama lenzi yako ni fupi.

Kasi ikikosekana, fungua tundu la lenzi linalopitisha mwanga, pandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), au sogea penye mwanga. Tuseme kamera inakupa 1/30 kwa ISO 400. Ukipandisha hadi ISO 1600, mwanga uleule unakupa 1/125. Utaona chembechembe zaidi, na wapiga picha wengi huziogopa kupita kiasi. Chembechembe hupunguzwa na programu ya kuhariri, na picha ikichapishwa kwa ukubwa wa kawaida hazionekani sana. Picha iliyotikisika hairekebishiki kwa namna ya kuridhisha. Ukilazimika kuchagua, chagua chembechembe kila mara.

Kamera nyingi za sasa zinaweza kukufanyia kazi hii. Weka hali ya A au Av, ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, washa ISO ya otomatiki, kisha ingia kwenye menyu upange kasi ya chini kabisa ya shata na kikomo cha ISO, kwa mfano 1/250 na 6400. Kamera itapandisha ISO yenyewe kabla ya kuiacha kasi ishuke.

Kufungua tundu nako kuna gharama. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba ndogo ni tundu kubwa. Kwa f/1.8 ukiwa karibu na mtu, jicho moja linaweza kutoka safi na la pili likafifia. Lenzi nyingi hutoa picha bora kabisa kati ya f/5.6 na f/8. Kulibana tundu kupita f/16 hulainisha picha nzima kwa sababu mwanga hupinda unapopita kwenye tundu dogo.

Kidhibiti mtikisiko

Kama lenzi yako imeandikwa IS, VR, OSS, OS au VC, au kamera yenyewe hutuliza sensa, unaweza kushuka chini ya kanuni kwa hatua tatu au zaidi, kila hatua ikipunguza kasi kwa nusu: milimita 200 kwa 1/25 badala ya 1/200. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, subiri kama sekunde moja picha itulie, ndipo umalizie. Ukibonyeza kwa pupa, kifaa kinakuwa bado hakijajipanga. Kumbuka pia kwamba kinatuliza kamera tu. Mtu anayetembea atatoka na ukungu vilevile.

Mwili na mikono

1. Mkono wa kulia ushike kamera bila kuikaba. Misuli iliyokazwa hutetemeka.
2. Kiganja cha kushoto kitazame juu na kubeba lenzi kutoka chini. Kushika lenzi kwa pembeni kunaacha uzito wote kwa mkono mmoja.
3. Viwiko vibanwe mbavuni.
4. Dirisha la kuchungulia liguse uso. Kamera isiyo na dirisha hilo ivalishwe mkanda shingoni, kisha isukumwe mbele mpaka mkanda ukaze.
5. Miguu ipanuke kwa upana wa mabega, mmoja mbele kidogo.
6. Toa pumzi nusu, tulia, kisha kamua kitufe taratibu. Usikidonoe. Usikiachie mpaka shata imalize.

Piga picha tatu hadi tano mfululizo. Ya kwanza hubeba msukumo wa kidole kinachoshuka na ya mwisho hubeba mshtuko wa kukiachia, kwa hiyo iliyo safi mara nyingi huwa katikati.

Palipo na ukuta, egemea kwa bega. Palipo na nguzo, bana kamera pamoja na mkono kwenye nguzo. Ukiketi, usiweke ncha ya kiwiko juu ya mfupa wa goti, kwani mfupa juu ya mfupa huteleza. Weka nyama ya juu ya kiwiko. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa nafaka, ukiwekwa juu ya jiwe au dirisha la gari lililozimwa injini, hubeba hata lenzi nzito.

Kuna pia kamba. Tafuta skrubu ya inchi 1/4 inayoingia kwenye tundu la stendi chini ya kamera, ifunge kamba ndefu kutoka jichoni hadi ardhini na ziada kidogo, kanyaga mwisho wake, kisha vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Inazuia zaidi mtikisiko wa juu na chini. Ni kifaa cha kuingia mfukoni, na kinastahili kutumiwa kuliko kinavyotumiwa.

Fokasi

Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kwa tundu lililo wazi sana, usifunge fokasi halafu ukageuza kamera kupanga picha upya; mgeuko mdogo unatosha kulitoa jicho kwenye fokasi. Kwa vitu vya karibu sana kama maua na wadudu, mwili wako unayumba mbele na nyuma bila wewe kujua, kwa hiyo tumia fokasi endelevu, inayojirekebisha muda wote, na upige mfululizo.

Kwa simu

Futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole hufanya picha nzima ififie. Shika kwa mikono miwili, piga kwa kitufe cha sauti au kwa taimu ya sekunde 2. Usikuze kwa vidole, sogea karibu. Hali ya usiku huunganisha picha kadhaa kwa muda wa sekunde nzima au zaidi, kwa hiyo egemea kitu mpaka simu imalize.

Pima mkono wako

Bandika ukurasa wenye maandishi madogo ukutani na usimame mita 3 mbali. Zima kidhibiti. Piga picha tano kwa 1/200, tano kwa 1/100, kisha 1/50, 1/25 na 1/13. Zikuze zote kwenye kompyuta. Kasi ya mwisho ambayo angalau nne kati ya tano zinasomeka ndiyo ya kupanga kwenye menyu. Rudia kipimo kwa kila lenzi, halafu washa kidhibiti upime tena.