Kuchuma stroberi na forosadi za kiangazi, na kushukuru huku mikono ina udongo

Haya jamani, jua la Januari hapa Arusha mnalijua, vuli imeshakata na masika mpaka Machi huko, kwahiyo ndo muda wa kushinda bustanini. Mi nina matuta ya stroberi nyuma ya nyumba huku Sakina na mforosadi mmoja kwenye fensi. Ntaelekeza ninavyofanya, kulima na kushukuru kwa pamoja, maana naona shukrani ya jumla jumla haina ladha, lazima ujue unamshukuru nani na kwa kitu gani.

Hatua ya 1: miche
Stroberi huku hatuhangaiki na mbegu, tunachukua yale machipukizi yanayotambaa kutoka kwenye mche mama, yani karibu kila stroberi ya mtaani imetoka kwenye bustani ya mtu mwingine. Nyanyua tuta, changanya samadi iliyooza vizuri (mbichi itaunguza), acha kama sentimita 30 mche hadi mche, na pale katikati majani yanapotokea usipafukie, pataoza. Afu chomeka kijiti chenye jina la aliyekupa. Changu kimeandikwa Bibi wa Tengeru, alining'olea mwenyewe huku udongo umemjaa mpaka kwenye viwiko na hela akakataa.

Hatua ya 2: maji
Asubuhi, kwenye shina, sio juu ya majani. Tandaza majani makavu ya mgomba chini ili tunda lisilale kwenye udongo. Basi.

Hatua ya 3: kaa uangalie maua
Hii watu wanairuka na mi naona ndo yenyewe. Beba kigoda, simu iache ndani, kaa karibu na tuta jua likishapanda kidogo uone nyuki wanavyokuja. Vile vipunje vidogo vidogo juu ya stroberi kila kimoja kinataka kipate chavua, kisipopata nyama ya pale haivimbi, ndo maana unakuta tunda limepinda upande mmoja kama limepigwa ngumi. Ukishalijua hilo hutaliangalia tunda lililojaa vizuri kwa jicho lile lile, maana kuna mdudu alizunguka hilo ua lote na wewe hata hukumuona. Kwahiyo usipulize dawa maua yakiwa wazi, na kama imebidi sana subiri jioni nyuki wakisharudi. Toka ua mpaka tunda jekundu ni kama mwezi hivi, kuwa mpole.

Hatua ya 4: kuchuma
Chuma asubuhi umande ukishakauka. Stroberi iwe nyekundu mpaka juu karibu na kikonyo, kwasababu ukiichuma nyeupe nyeupe rangi inaweza kuongezeka ila utamu hauongezeki. Ikate kikonyo kwa kucha, usilivute tunda. Na usioshe mpaka unapotaka kula, zikilowa zinaota ukungu haraka.

Forosadi ni kesi nyingine. Nyekundu bado ni chachu, subiri ziwe nyeusi kabisa, ukigusa tu inaachia yenyewe. Tandika shuka kuukuu chini, tikisa tawi taratibu, na vaa nguo ambayo huna mpango nayo tena. Matawi ya juu kabisa waachie ndege, utapanda ngazi ukavunjike kisa vikombe viwili vya forosadi?

Hatua ya 5: bakuli la kwanza sio lako
Mpelekee yule wa kwenye kijiti, na ukifika mwambie kabisa hizi ni za miche uliyonipa, sio unaacha bakuli getini unakimbia. Watoto watume kwa jirani anayekumwagilia ukisafiri. Huku kwetu bakuli halirudi tupu, utashangaa limerudi na ndizi mshale au parachichi, nalo ulipokee bila kujifanya unakataa kataa.

Hatua ya 6: mvua zikikaribia
Forosadi zikiisha punguza mti, matawi mapya ndo yanabeba. Ulivyokata usichome, toa vipande vya urefu wa kama kalamu vyenye macho matatu manne (pale chipukizi linapotokea), chomeka kwenye makopo yaliyotobolewa chini, weka kivulini na udongo uwe na unyevu muda wote. Masika ikiingia vitakuwa vimeshashika, na anayepita kuomba mche mpe viwili, kimoja kikifa asirudi kukulaumu.