Mla-nzi wako bado mdogo? Usiulazimishe ukue, angalia haya kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu huu mmea wa kunasa nzi, ule wenye mitego yenye meno meno, kitaalamu Dionaea muscipula, ni moja tu: mbona haukui? Mtu kakaa nao miezi minane, uko vilevile, mtego haujafika hata saizi ya ukucha wa kidole gumba, basi anaanza kuhangaika, leo anatia samadi kidogo, kesho anauhamishia kwenye chungu kikubwa, keshokutwa anaulisha nyama ya kusaga, na baada ya wiki kadhaa mmea ushakufa. Inaniuma sana hii kwa sababu mara nyingi huo mmea haukuwa na shida yoyote, ulikuwa unakua kwa spidi yake.

Tuanze na saizi. Mla-nzi mtu mzima kabisa, ukipima toka ncha ya jani la upande huu mpaka la upande wa pili, unapata kama sentimita 10 hadi 15, na mtego wenyewe sentimita 2 hadi 3 hivi. Basi, hapo ndo mwisho wake. Kuna aina zilizochaguliwa na wakulima kama ile ya B52 ambazo mitego inakaribia sentimita 5, na hizo ndo majitu ya ukoo mzima. Kwa hiyo kama ulikuwa unasubiri ufike kiunoni, hautafika leo wala miaka kumi ijayo.

Kwa nini mdogo hivyo? Kwao ni pwani ya North Carolina na South Carolina kule Marekani, kwenye ardhi chepechepe ya mchanga na piti (mabaki ya mimea yaliyooza nusu) ambayo nitrojeni na fosforasi ni kidogo mno. Mimea mingine inanyonya hivyo vitu kwa mizizi, huyu anavitoa kwa wadudu. Lakini elewa vizuri hapa, mdudu anampa mbolea tu, nguvu ya kukua anaitoa kwenye jua kama mmea mwingine wowote.

Sasa spidi. Ukipanda mbegu, na mbegu zake ni nyeusi zinang'aa, ndogo kama kichwa cha pini, zinaota baada ya wiki chache, unaona vijani viwili vya kawaida visivyo na mtego. Halafu jani la tatu linapotoka, hapo ndo pa kuchukua kioo cha kukuzia, maana tayari lina mtego kamili, una meno yake na vinywele vyake vya ndani, milimita 2 au 3 tu, na unafunga! Mi nilikaa kwenye kiti nikaangalia kwa muda mrefu siku ile, mdudu mdogo kama kidukari tu ndo anaingia mle. Toka hapo mpaka mmea uwe mtu mzima ni miaka 3 mpaka 5. Ndiyo, miaka. Mwaka wa kwanza mzima unaweza usivuke upana wa sarafu na huko ndo kukua vizuri. Ukinunua mche ulioshakuwa na mitego ya sentimita moja jua mtu mwingine ashakusubiria miaka miwili hivi.

Kitu kinachodanganya watu ni majani marefu. Mtu anakuja kafurahi, mmea wangu umerefuka sana wiki hizi, ukienda kuuangalia unakuta vikonyo, yaani ile sehemu ya jani inayobeba mtego, vipana, virefu, vimelala huku na huku, rangi kijani tupu, mitego midogo mwishoni na ndani hamna ule wekundu. Huo haukui jamani, huo unatafuta mwanga. Mmea wenye afya kwenye jua kali unakaa mfupi, umeshikana, mitego mikubwa ukilinganisha na kikonyo (ingawa msimu wa joto wengi wanatoa majani membamba yaliyosimama, hiyo ni kawaida usiogope). Kwa hiyo acha kupima urefu. Pima mtego mpya kama ni mkubwa kuliko ule uliotangulia, na angalia katikati kama jani jipya linachomoza, linatoka limejikunja, mtego umebanwa na meno yamelala ndani, halafu siku zinavyoenda unajaa na kufunguka. Kwenye msimu mzuri, mmea uliokomaa ukiona katikati hamna kitu kwa wiki nyingi ndo uanze kuuliza maswali.

Ukitaka ukue kwa uwezo wake wote, cha kwanza ni jua la moja kwa moja, masaa 6 kwa siku au zaidi, ama taa za mimea masaa 12 mpaka 16. Maji ya mvua au ya distiledi (yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa) tu, ya bomba na ya kisima mara nyingi yana chumvi inayojikusanya na kuunguza mizizi taratibu mpaka ushangae umekufa na nini. Udongo piti isiyotiwa mbolea uchanganye na perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya bustani), mboji usiiguse. Chungu kiwe cha plastiki, kina cha sentimita 10 au 12 kinatosha.

Chakula, mdudu mmoja mwenye saizi ya theluthi ya mtego, basi, mtego mmoja au miwili kwa mwezi. Nyama ya kusaga inaoza na mtego unaoza nayo. Na tafadhali usiichezee mitego kwa kidole, kila ikifunga bure mmea unatumia nguvu, na mtego mmoja unafunga mara chache tu maishani kisha unakuwa mweusi.

Halafu kuna kupumzika, na hapa ndo wengi wanapoulia mmea. Kila mwaka unahitaji miezi 3 au 4 ya baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, majani mengine yanakauka, unabaki mdogo kuliko mwanzo, unaonekana kama unakufa. Usiutupe! Tunguu lake liko hai chini ya udongo, libonyeze taratibu, likiwa gumu na jeupe uko salama, likiwa laini la kahawia limeoza. Mahali pasipo na baridi wapo wanaoweka kwenye friji, wamefunga na piti yenye unyevu kidogo, na inafanya kazi. Ukinyimwa usingizi huo mwaka hadi mwaka mmea unadhoofika, mitego inazidi kupungua.

Na ukiona katikati panatoka kitu cha duara kinanyooka juu bila mtego, hicho ni kikonyo cha maua, kinaweza kupanda sentimita 15 mpaka 30 na kinakula nguvu nyingi. Kama mmea ni mchanga au umetoka kuumwa, kikate kikiwa na sentimita 5 hivi. Kama ni mtu mzima mwenye nguvu na unataka mbegu kiache, ila mitego mipya ya wiki hizo itakuwa midogo, usije ukarudi kuniuliza mbona haukui.