Somo: Kuwatafuta waliowahi kuishi katika nyumba kongwe ya Wales kwa kutumia sensa

Sensa za Wales zilihesabu watu, si majengo. Vijijini nyumba nyingi hazikuwa na namba, na jina lake lingeweza kuandikwa hivi leo na vingine miaka kumi baadaye. Kwa hiyo nyumba hutambulika kwa majirani zake.

1. Andika tahajia zote za jina. Ty'n-y-coed huweza kuonekana kama Tynycoed au Tyn y Coed. Angalia sana neno la mwisho: Uchaf ni ya juu, Isaf ni ya chini, Mawr kubwa, Bach ndogo. Shamba likigawanywa, jina moja hubebwa na nyumba mbili, na hapo ndipo wengi hufuata ukoo usiohusika.

2. Anza karibu, rudi nyuma. Anza na orodha ya watu ya 29 Septemba 1939, kwa sababu sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942 na ya 1941 haikufanyika. Kisha 1921, 1911, na kila miaka kumi hadi 1841. Ya 1911 ipe muda wako. Fomu ilijazwa na mwenye nyumba mwenyewe, nayo inataja idadi ya vyumba, jiko likiwemo lakini bafu halimo. Linganisha na nyumba ilivyo sasa. Wengine walijaza kwa Kiwelshi, hivyo jifunze maneno machache: mab (mwana wa kiume), merch (binti), gweddw (mjane), gwas (mtumishi).

3. Fuata njia ya karani wa sensa, yaani mtu aliyepita nyumba hadi nyumba akiandika watu. Mwanzoni mwa kila daftari, kabla ya 1911, kuna maelezo ya eneo alilopita. Yasome ukiwa na ramani ya zamani mkononi. Nakili kaya tano kabla ya nyumba yako na tano baada yake, kisha zitafute katika sensa inayofuata. Namba ya kwanza kwenye mstari ni ya fomu, si ya nyumba! Kosa hili limepoteza watu wengi. Nakili pia kumbukumbu kamili, yaani alama ya hifadhi ya nyaraka inayoonyesha ni sensa ipi: RG 9 ni 1861, RG 10 ni 1871, na kuendelea hadi RG 14 ya 1911. Namba ya karatasi hupigwa muhuri upande mmoja tu, kwa hiyo inahusu kurasa mbili.

4. Thibitisha kwa ramani za zaka, yaani ramani za ardhi iliyotozwa zaka ya kanisa. Zilitokana na sheria ya 1836, na nyingi zilichorwa miaka ya 1840, karibu kabisa na sensa ya 1841. Kila kiwanja kina namba. Kwenye orodha inayoambatana na ramani utakuta mmiliki, mkaaji na ukubwa. Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, imeziweka mtandaoni bure.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimekuta John Jones watatu katika parokia moja. Wangu ni yupi?*
Jina peke yake halitoshi, ndugu yangu. Linganisha jina la mke, umri wa watoto, kazi, na parokia ya kuzaliwa, ambayo huandikwa kuanzia 1851. Kumbuka pia kwamba sehemu fulani mtoto alichukua jina la kwanza la baba: mwana wa William Jones akawa John Williams.

*Mkulima ana miaka 40 mwaka 1841, na 54 mwaka 1851. Ni yule yule, mwalimu?*
Yawezekana kabisa. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo wa 44 akaandikwa 40.

*Nyumba ipo 1861 na 1881, lakini 1871 siioni.*
Waliohesabiwa ni waliolala humo usiku wa sensa. Kama ilikuwa tupu, karani aliweka alama tu, mara nyingi bila jina. Tafuta alama hiyo katikati ya majirani wale wale. Usipoiona, fungua daftari la eneo la jirani, maana mipaka ya makarani ilibadilishwa kati ya sensa moja na nyingine.

*Kwa nini mistari mingine ya 1939 imefunikwa kwa wino mweusi?*
Hao huenda bado wako hai. Mstari hufunguliwa miaka 100 baada ya kuzaliwa, au mapema kifo kikithibitishwa.