Kuachana na Windows ya kukraki na kuweka leseni halali

Kabla hujanunua ufunguo, iulize kwanza kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi za mtumba zilitoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya ubao mama. Fundi aliyekupigia Pro (toleo la kazini) ya kukraki huenda ameifunika tu Home (toleo la nyumbani) halali ambayo mwenyewe wa kwanza alishailipia.

Bofya kulia kitufe cha Start, fungua PowerShell kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, ufunguo upo. Mstari mtupu maana yake haupo. Rudia amri hiyo ukiongeza neno Description mwishoni, bila nafasi, uone ni wa toleo gani. "Core" ndiyo Home. Ukiwa wa Windows 8, usijipe matumaini: tangu Septemba 2023 Microsoft ilifunga njia ya kuamilisha 10 au 11 kwa funguo za 7 na 8.

Sasa, humohumo PowerShell, andika slmgr /dli (slmgr ni zana ya leseni ya Windows). Kompyuta ya nyumbani ikionyesha VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni krak: KMS ni seva ya makampuni ya kuamilisha mashine zao nyingi. Uamilishaji wa aina hiyo hudumu siku 180, na kuna kiprogramu kinachouhuisha kimyakimya. Siku antivairasi ikikila, maandishi ya kudai leseni yanarudi kwenye kona ya skrini.

Ushauri wetu ni kufomati. Kiprogramu cha krak kiliingia kwa ruhusa ya msimamizi, na hakuna ajuaye kilileta nani mwingine. Kama iliyopo ni Enterprise (toleo la makampuni), huna hiari: ufunguo wa Home hauingii humo. Nakili nyaraka na picha, faili za .exe ziache. Tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa zana ya Microsoft yenyewe, futa sehemu zote za diski, kisha usakinishe. Ufunguo wa kwenye ubao utasomwa wenyewe, wala huenda usiulizwe toleo.

Kama kufomati hakuwezekani na toleo lililopo linalingana na la ufunguo wako, ondoa kiprogramu, futa kazi zake ndani ya Task Scheduler, yaani ratiba ya kazi za Windows (AutoKMS ni jina la kawaida), ondoa folda zilizosamehewa kwenye Defender, antivairasi ya Windows, na kwenye faili la hosts (C:\Windows\System32\drivers\etc) futa mistari inayozuia seva za Microsoft. Kisha, moja moja, ufute ufunguo wa zamani na anwani ya seva ya KMS:

slmgr /upk
slmgr /cpky
slmgr /ckms

Washa upya, weka slmgr /ipk ikifuatiwa na ufunguo, umalizie na slmgr /ato, inayoamilisha.

Kosa 0xC004F050 mara nyingi ni herufi iliyokosewa au toleo lisilolingana. 0xC004C008 ni ufunguo uliotumika kwenye mashine nyingi kupita kiasi, mdai muuzaji. 0x8007232B ni Windows inayoitafuta seva ya KMS, yaani ufunguo wa zamani bado umo: rudia /ipk.

Ukinunua, chagua Retail (leseni ya rejareja) kama unafikiria kubadili mashine, kwa sababu OEM (ya kiwandani) hufa na ubao wake. Funguo za bei ya kutupa mtandaoni mara nyingi ni za makampuni. slmgr /xpr itakuambia zimeamilishwa kwa kudumu, kwa hiyo isome /dli: ikiandika VOLUME_MAK, yaani ufunguo wa kampuni wa mashine nyingi, leseni hiyo si yako.