Kupanga Nyumba Mtwara au Lindi Ukiwa na Mzio wa Paka na Mbwa

Nilipohamia Mtwara kikazi, nilimwuliza dalali swali moja tu kuhusu wanyama: je, katika nyumba ile kuna paka? Akajibu kuwa hakuna, na alisema kweli. Nikalipa kodi ya miezi sita kwa chumba na sebule maeneo ya Majengo, nikaingiza godoro na begi, na usiku wa kwanza nikaamka saa nane macho yamevimba na kifua kikitoa sauti kama ya mluzi. Siku ya tatu jirani akanieleza, kwa wema kabisa, kwamba mpangaji aliyenitangulia alikuwa na paka wawili waliolala kitandani kwake, na kwamba alihama nao wiki mbili tu kabla sijafika. Kodi haikurudi. Maelekezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu mwenye mzio, hali ambayo wengi wetu tunaiita aleji, ili asitoe fedha kabla hajauliza swali la pili ambalo mimi sikulijua: nani aliishi hapa kabla yangu, na alifuga nini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya namna mzio wenyewe unavyofanya kazi. Watu wengi hudhani kinachodhuru ni manyoya, kumbe chanzo hasa ni protini zilizomo katika mate na ngozi ya mnyama. Protini kuu ya paka wataalamu huiita Fel d 1, na ya mbwa Can f 1. Paka anapojilamba, mate hukaukia juu ya manyoya yake, kisha hupukutika pamoja na mba za ngozi yakiwa chembe ndogo mno, ambazo huelea hewani kwa muda mrefu na kunata ukutani, kwenye mapazia, kwenye makochi na ndani ya godoro. Mwili wa mwenye mzio huzipokea chembe hizo kama adui aliyevamia, na hapo ndipo huja chafya, kuwashwa macho, mafua yasiyoisha, vipele, na kwa mwenye pumu kubanwa kifua. Nyumba ambayo paka ameondoka inaweza kuendelea kuwa na chembe hizo kwa miezi minne hadi sita, na wakati mwingine zaidi, ikiwa haikusafishwa ipasavyo. Ukiambiwa kwamba paka wa nyumba hiyo ana manyoya mafupi na kwa hiyo hana madhara, shukuru kwa taarifa lakini usiitegemee, kwa kuwa hakuna aina ya paka wala mbwa isiyotoa protini hizo kabisa.

Kabla ya kumpigia dalali simu, hakikisha unajua kinachokusumbua. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na unyevu hulea ukungu wa ukutani pamoja na wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, ambao huishi kwenye magodoro na mito na huleta dalili zinazofanana sana na zile za paka. Kwa wanaotafuta nyumba pembezoni mwa mji, kwa mfano Naliendele au Mangamba, kuna jambo jingine la kulipima: kuanzia kama Juni hadi Agosti wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi la salfa hiyo linaposafiri na upepo huwasha macho na kumkera mwenye pumu hata kama hajawahi kugusa paka maishani mwake. Mtu anaweza kuhama nyumba nzuri akimlaumu paka wa jirani ilhali kosa ni la msimu. Mweleze daktari dalili zako kwa mpangilio, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi: zinaanza ukiwa wapi, zinaisha ukitoka wapi, na ni miezi gani huzidi. Umwulize pia ni wapi unaweza kupimwa mzio wenyewe, kwa ngozi au kwa damu.

Sasa tuje kwenye nyumba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu aina ya jengo huamua mambo mengi kuliko maneno ya mwenye nyumba. Katika miji yetu mbwa si tatizo kubwa kwa mpangaji, kwani wengi hufungwa nje kwa ajili ya ulinzi, hasa kwenye nyumba zenye uzio kama za Shangani. Paka ndiye anayeingia kila mahali, naye hana mipaka ya chumba hiki na kile. Nyumba za zamani za Mikindani, Magomeni au katikati ya mji wa Lindi, zenye korido katikati na vyumba pande mbili, mara nyingi hazina dari, na kuta za vyumba haziendi hadi kwenye bati. Paka hutembea juu ya ukuta kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, na hewa yote ya nyumba ni moja. Ukipanga chumba kimoja katika nyumba ya namna hiyo, umepanga pamoja na paka wa wapangaji wote, hata kama mlango wako umefungwa kwa kufuli mchana na usiku.

Penye dari nako pana hatari yake. Kama kuna uwazi kati ya ukuta na bati, paka jike hupanda na kuzalia juu ya dari, ambako ni pakavu na hapafikiwi na watoto. Inua macho uitazame dari yote, chumba kwa chumba, ukitafuta madoa ya mviringo ya rangi ya kahawia ambayo yanaweza kuwa ya mkojo, ubao uliolegea au pembe iliyotoboka. Zunguka nje utazame kama uwazi wa chini ya bati umezibwa, na kama kuna mti au ukuta mfupi unaompa mnyama njia ya kupanda. Pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye vizingiti vya madirisha, na chunguza nyavu za mbu kama zina manyoya yaliyonasa au zimechanwa kwa kucha. Nyumba inayopangishwa pamoja na samani nisingeichukua kabisa, hata kwa kodi nafuu, iwapo makochi yake ni ya kitambaa.

Unapozungumza na mwenye nyumba, zungumza kuhusu mwili wako na wala si kuhusu paka wake. Kwa watu wa pwani paka ni kiumbe anayependwa na kuheshimiwa, na huachwa aingie ndani kwa sababu ni msafi. Tena hafugwi kwa mapenzi tu: panapohifadhiwa mahindi, karanga, korosho au samaki wakavu, panya hawakosi, na paka ndiye askari wa ghala. Anayefika na kusema kwamba hapendi paka hujifungia mlango mwenyewe. Mimi siku hizi husema hivi: “Shikamoo mama. Nyumba yako nimeipenda, ila nina maradhi ya kifua ambayo mate ya paka huyaamsha, na daktari amenionya. Naomba unieleze bila kunificha, je, katika chumba hiki amewahi kulala paka, na ilikuwa lini?” Mara nyingi mama huyo hunijibu, “Ahaa, pole mwanangu,” kisha hunipa historia nzima ya nyumba, kwa sababu amesikia ugonjwa na hakusikia lawama. Baada yake waulize pia wapangaji wengine, kwa kuwa wao ndio wanaojua paka hulala wapi usiku.

Omba kwa adabu pia kwamba siku utakayokuja kutazama nyumba, asifukize udi wala ubani. Wenyeji wengi hufukiza kwa ukarimu ili mgeni akute nyumba inanukia, lakini moshi ule hufunika harufu ya mkojo wa paka ambayo wewe ulikuwa unaitafuta, na wenyewe pia huweza kukubana kifua ukashindwa kutofautisha kimoja na kingine.

Kisha fanya jaribio, na usilikubali neno la dalali kwamba kuna mteja mwingine njiani. Kaa ndani ya chumba cha kulala, madirisha na mlango vikiwa vimefungwa, kwa muda usiopungua nusu saa, na ikiwezekana saa nzima. Washa feni kama ipo, ili vumbi lililotulia lirudi hewani. Kwa watu wengi dalili za pua na macho huanza ndani ya dakika chache, lakini chumba chenye chembe chache kinaweza kukudanganya hadi jioni, kwa hiyo rudi tena kesho yake. Dawa za mzio kama cetirizine huzuia dalili kwa takribani siku nzima, hivyo ukizimeza asubuhi jaribio halitakuambia kitu. Hata hivyo, mwenye pumu asiache dawa yake ya kila siku ya kuvuta kwa sababu ya jaribio hili, na asiingie bila dawa yake ya dharura mfukoni wala bila mtu wa kuongozana naye. Kifua kikianza kubana, toka nje mara moja. Jibu umekwisha kulipata.

Ninasisitiza jaribio kwa sababu ya utaratibu wetu wa malipo. Mwenye nyumba huomba kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua yake ya mwezi mmoja juu ya hiyo, kwa hiyo kosa la siku moja linakufunga kwa nusu mwaka. Omba kuanza na miezi mitatu, hata kama kodi ya mwezi itapanda kidogo. Usitegemee kuja kulindwa katika jambo ambalo hamkuliandika. Katika mkataba weka maneno yanayofanana na haya: “Mwenye nyumba anathibitisha kuwa katika vyumba vinavyopangishwa hakujafugwa paka wala mbwa kwa miezi sita iliyopita. Ikibainika vinginevyo ndani ya siku 30, mpangaji atakuwa na haki ya kuhama na kurudishiwa kodi ya miezi ambayo hajaitumia.” Weka pia kifungu kinachomruhusu mpangaji kuziba uwazi wa darini na kuweka nyavu, kikitaja ni nani atakayegharamia. Mkataba huo usainiwe mbele ya mashahidi, na uupeleke ofisi ya serikali ya mtaa ili ujulikane huko. Mgogoro ukizuka, anzia hapo hapo mtaani. Ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo hupokea mashauri ya mpangaji na mwenye nyumba, na litataka kuona karatasi.

Ukipata nyumba isiyo na historia ya paka, bado isafishe kama vile inayo. Mwenye mzio asiifanye kazi hii mwenyewe, au akilazimika avae barakoa na kuacha madirisha wazi. Safisha kutoka juu kwenda chini: kwanza dari na kenchi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kuta, kisha madirisha, mwisho sakafu. Kuta zilizopakwa rangi ya mafuta huoshwa kwa maji ya sabuni, lakini za chokaa haziwezi kuoshwa, kwa hiyo zipanguswe na kupakwa chokaa upya. Ufagio wa chelewa uuache kwa ajili ya uani, kwani ndani huinua vumbi badala ya kuliondoa. Tumia tambara na maji. Mkeka wa ukindu ni bora mara kumi kuliko zulia, kwa sababu unapanguswa na kuanikwa. Usinunue godoro wala makochi yaliyotumika. Kuna imani kwamba kuanika godoro juani kunatosha, nami niliishika kwa miaka. Jua hukausha unyevu na kuwapunguza wadudu wa vumbi, lakini protini ya paka iliyoingia kwenye sifongo haiondoki kwa jua.

Ziba uwazi wa juu ya ukuta kwa ubao au wavu wa waya, na kabla fundi hajapigilia msumari wa mwisho, hakikisheni hakuna paka aliyezaa humo, kwa kuwa watoto wake watafia ndani. Panya nao washughulikie siku hiyo hiyo kwa kuziba matundu na kuhifadhi chakula kwenye ndoo zenye mifuniko, maana mkojo wa panya pia huleta mzio, na nyumba yenye panya lazima itaita paka tena.

Kwenye uani wa pamoja nguo hukauka kwenye kamba moja, na paka hupenda kulala juu ya tenga lenye nguo zilizoanuliwa. Anua zako mapema, uziingize ndani moja kwa moja. Wageni wanaotoka kwenye nyumba zenye paka huja na chembe kwenye nguo zao, nawe hutawafukuza kwa hilo. Wakaribishe barazani au sebuleni kwenye viti vya mbao au plastiki, na kitanda chako kisiwe mahali pa kukalia mtu mwingine yeyote. Mpangaji mpya anapohamia katika nyumba hiyo, mwendee wiki ya kwanza, kabla hajaleta mnyama na kabla hamjapata sababu ya kukosana, umweleze kama ulivyomweleza mwenye nyumba.